Programu mbili za simu na karani mmoja wa Nakuru: uchambuzi wa kisa cha kula kupindukia

Programu ya kwanza aliyoiweka karani huyu kwenye simu ilimzidishia tatizo la kula kupindukia. Watu wote waliomshauri, kuanzia kliniki hadi shemeji yake, walimwambia atafute programu ya kuhesabu kalori. Akaitafuta, akaifuata kwa bidii, na baada ya muda mfupi alikuwa anakula usiku kuliko alivyowahi kula maishani. Programu ya pili, ambayo haikuhesabu kalori hata moja, ndiyo iliyomsaidia. Simu ni ileile na mtu ni yuleyule, kwa hiyo inafaa kuuliza kilichobadilika ni nini.

Mhusika ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, karani katika duka la spea za magari jijini Nakuru. Kwao ni upande wa Kakamega. Hapa mjini anaishi Free Area na mkewe na watoto wawili. Mambo kadhaa yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Kilo zake pia sitaziandika, kwa sababu msomaji mwenye tatizo kama lake akiona namba ataanza kujipima nayo, na sehemu kubwa ya kisa hiki ni madhara ya namba.

Alikuja kwangu kwa ajili ya presha. Kliniki moja ilikuwa imempa dawa, presha ikagoma kushuka, wakamwambia apunguze chakula na aende kuonana na mshauri nasaha kuhusu "msongo wa mawazo". Alizungumzia kazi, karo, mdogo wake aliyeko chuoni. Habari ya chakula aliitoa mwishoni, amesimama, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. "Madam, kuna kitu kingine. Lakini ni aibu." Nikamwomba akae tena.

Jioni yake ilikuwa hivi. Saa kumi na moja na nusu anafunga vitabu vya duka. Stejini anakula smokie (soseji za moshi) mbili, halafu anaingia kwenye kibanda anakula chapati nne na maharagwe, haraka, bila kumtazama mtu. Matatu inamshusha Free Area. Pale anapita dukani, ananunua mkate mzima, pakiti ya maziwa na keki mbili tatu, anaingia kwenye mjengo ambao haujaisha karibu na nyumba yao, anakula gizani. Makaratasi anayatupa kwenye pipa la ploti nyingine. Kisha anapanda ngazi, anaketi mezani na familia na kula ugali kama kawaida ili mkewe asishuku. Hali hiyo alikuwa akiiita kuzama: "Jana nilizama. Najua nimeshiba, tumbo linauma, lakini mkono hausikii."

Mtu anaweza kudhani huu ni ulafi tu uliopewa jina la hospitali. Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliueleza ulaji wa namna hii mwaka 1959. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliupa nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea, ugonjwa wa kula kupindukia, katika mwongozo wake wa 2013, na Shirika la Afya Duniani likauingiza katika ICD-11, orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mwongozo wa 2013 unataka mambo mawili yawepo pamoja: chakula kingi kuliko ambacho watu wengi wangekula kwa muda kama huo na katika hali kama hiyo, na hisia kwamba huwezi kujizuia. Huambatana na kula harakaharaka, kula bila njaa, kula hadi tumbo liume, kula peke yako kwa aibu, na kujichukia baadaye. Ulaji huo uwe unatokea angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi 3. Na mtu awe hajitapishi wala hatumii dawa za kuharisha mara kwa mara ili kufidia. Akifanya hivyo, ugonjwa ni mwingine na hatari zake ni nyingine.

Kigezo cha kujizuia ndicho kinachotenganisha ugonjwa na karamu. Kwao Kakamega, Krismasi kuku anachinjwa, firigisi inawekewa mwenye heshima yake, na mgeni akila kidogo wenyeji wanaumia. Mtu anaweza kula huko chakula cha watu wawili na asiwe mgonjwa hata kidogo. Kuna watu, kuna kicheko, na akisema nimetosheka ananawa mikono. Mteja wangu alikuwa akila hivyo pia, na siku hizo hakuziita kuzama. Alijua tofauti kabla sijamwambia.

Lipo jambo jingine lililomchelewesha: yeye ni mwanamume. Uchunguzi mkubwa wa kaya za Marekani uliochapishwa 2007 ulikuta asilimia 3.5 ya wanawake na asilimia 2.0 ya wanaume wamewahi kuwa na ugonjwa huu maishani. Hiyo si tofauti ya kuufanya uwe ugonjwa wa wanawake. Lakini mwanamume mnene anayekula sana, kwetu, husifiwa. Kazini walimwita "mzito" kwa mapenzi. Nani angemuuliza kama analia baada ya kula?

Sasa turudi kwenye programu ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo penye somo. Ilimtaka aandike kila alichokula, ikimpa kiwango cha kalori kwa siku. Akibaki chini ya kiwango, namba ilikuwa kijani. Akikivuka, nyekundu. Akimaliza wiki bila kukosa siku, alipongezwa. Aliandika ugali, ikampendekezea polenta, chakula cha Kiitaliano cha unga wa mahindi. Aliandika chapati, ikamuuliza ina gramu ngapi, kana kwamba mama wa kibanda ana mizani. Basi akaamua njia salama ni kutokula kabisa mchana, maana kitu ambacho hujala hakihitaji kukadiriwa. Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Saa sita tunda. Kuanzia hapo hakuna kitu mpaka jioni, na namba kijani kibichi.

Siku moja mwenzake alisherehekea gari jipya, akanunulia ofisi nzima samosa. Alikula mbili. Namba ikawa nyekundu saa tisa alasiri. "Nikasema leo imeshaharibika, basi niimalize, kesho nianze upya." Usiku huo alizama kupita siku zote, na asubuhi iliyofuata hakunywa hata chai, ili alipe deni.

Mzunguko huu una maelezo, na si ya kubahatisha. Christopher Fairburn wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyejenga tiba ya fikra na tabia kwa matatizo ya ulaji, anauweka hivi: mtu anajiwekea sheria kali za kula, sheria kali haiwezi kukaa bila kuvunjika, ikivunjika mtu huona yote yamepotea na hula bila breki, kisha aibu humrudisha kwenye sheria kali zaidi. Njaa ya mchana kutwa nayo inasukuma kutoka upande wake, kwa sababu mwili haujui habari ya namba kijani. Programu ya kalori iliingia kwenye mzunguko huu kama mafuta kwenye jiko. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa 2017 inasema wazi kwamba mtu anayetibiwa ugonjwa huu ashauriwe asijaribu kupunguza uzito kwa kujinyima wakati wa tiba, kwa kuwa kujinyima huelekea kuamsha kula kupindukia.

Mwaka huohuo wa 2017 utafiti wa Marekani uliwauliza watu 105 wenye matatizo ya ulaji kuhusu programu moja maarufu ya kuhesabu kalori. Takriban robo tatu walikuwa wameitumia, na kati ya hao karibu robo tatu waliona kwamba ilichangia tatizo lao. Hayo ni maoni yao wenyewe, hayathibitishi nani alianza, programu au ugonjwa. Lakini mimi yananitosha kumuuliza kila mteja, kabla ya kitu kingine, simu yake inahesabu nini.

Tulianza kwa kuifuta. Alikubali kwa shida. Kwake ilikuwa kama kukiri kwamba ameacha kupambana.

Kisha nikataka kujua jioni zile zinatokea lini hasa. Alisema "kila siku", halafu "si kila siku", halafu "sijui". Mtu mwenye aibu hakumbuki vizuri, na hiyo si kosa lake. Ndipo akasema mwenyewe kwamba M-Pesa inajua. Smokie, kibanda, duka, vyote alilipa kwa simu. Akafungua taarifa ya miezi mitatu, akaanza kusoma saa za malipo. Nilimwachia yeye simu, sikuishika. Siku za kuzama zilikuwa nne au tano kwa wiki baada ya ile programu, ilhali kabla yake zilikuwa mbili hivi. Mwisho wa mwezi ziliongezeka, mshahara ukiwa umeingia. Katikati ya mwezi kulikuwa na jioni alizotumia Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, kununua mkate. Hilo la Fuliza lilimuuma kuliko presha.

Ningependa wanaofanya kazi hii Kenya waifikirie taarifa ya M-Pesa. Ina saa, ina kiasi, haina hukumu. Lakini ina hatari yake. Mkewe alipokuja kujua baadaye, jambo la kwanza aliloomba ni aonyeshwe taarifa hiyo kila Jumapili. Nilikataa wazo hilo. Rekodi ikishakuwa ya kumkamata mtu, atalipa kwa pesa taslimu, na sisi tutabaki gizani pamoja naye.

Programu ya pili ilikuwa Recovery Record. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye matatizo ya ulaji: mtu anaandika mlo, wakati, yuko wapi, yuko na nani, anajisikiaje, na kama alihisi kushindwa kujizuia. Kalori hazimo. Mtaalamu anaweza kuunganishwa aone rekodi, na tulifanya hivyo. Kabla ya kuunganisha nilimweleza kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na kwamba ana haki ya kujua habari zake zinakwenda wapi. Nikamwambia pia kwamba tunaweza kutumia daftari la shilingi ishirini na kazi ikaenda. Alichagua simu, kwa sababu daftari mkewe angelikuta, na mtu akiandika kwenye simu mbele ya wateja anaonekana anajibu ujumbe. Sababu hiyo ya pili ndiyo iliyonishawishi. Tiba ya fikra na tabia inataka rekodi iandikwe papo hapo, si usiku kwa kumbukumbu, na kifaa ambacho mtu haoni haya kukitoa mfukoni kinashinda kilicho bora kwenye karatasi za utafiti.

Maswali yake yalikuwa ya Kiingereza. Majibu aliyaandika kwa Kiswahili, mengine kwa Kiluhya ambacho ilibidi anitafsirie. "Bosi amenifokea mbele ya fundi." "Mama amepiga, anataka mabati." "Sina njaa, nimechoka tu."

Baada ya wiki tatu rekodi zilionyesha jambo ambalo hakulitarajia. Alidhani anazama akiwa na hasira. Hasira ilikuwepo, lakini siku za hasira alizokuwa amekula mchana, mara nyingi alifika nyumbani salama. Siku alizopitisha saa sita au saba bila chakula, hata simu ya mama kuhusu mabati haikuhitajika; harufu ya smokie ilitosha. Nilikuwa nimemwambia hivyo tangu mwanzo na hakuamini. Aliamini alipoyaona kwa maandishi yake mwenyewe, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kuu ya programu katika kisa hiki.

Basi tukapanga saa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi chai ya maziwa na nduma au yai. Saa nne ndizi au andazi moja. Saa saba chakula cha kweli, githeri au ugali na mboga, akiwa ameketi. Saa kumi na nusu, kabla ya kufunga vitabu, njugu na ndizi au uji. Jioni, mlo na familia. Kanuni ni pengo lisizidi saa nne, na kula kwa saa hata kama njaa haijafika, kwa sababu baada ya muda mrefu wa kujinyima ishara za njaa na shibe huwa zimevurugika. Simu ilipigishwa kengele mara tano. Alicheka: "Nalipa mtaalamu aniambie nile?" Nyuma ya kicheko kulikuwa na hofu kubwa, kwamba akila mchana atanenepa mara mbili. Hofu hiyo haikuondoka kwa maelezo. Iliondoka polepole, alipoona kwamba mlo wa saa kumi na nusu unafuta mkate mzima wa saa moja usiku.

Mlo wa saa kumi na nusu ulikuwa mgumu kuliko yote, na ndio uliofanya kazi kuliko yote. Ukikosa kupanga kingine, panga huo.

Kwa hamu iliyobaki tulitumia kipima muda cha kawaida cha simu. Hamu ya kula hupanda, hufika kilele, hushuka, hata usipoitii. Anaweka dakika ishirini, anashuka steji moja kabla ya yake, anatembea, anampigia mdogo wake. Kipima muda kikilia na bado anataka, anaruhusiwa kula na kuandika. Alifuta pia programu ya kuletewa chakula, na sehemu ya mshahara akaifungia kwenye M-Shwari, akaunti ya akiba ya M-Pesa, mpaka katikati ya mwezi. Wazo la M-Shwari lilikuwa lake.

Tulionana kwa vikao vifupi. NICE inapendekeza kwa watu wazima kuanza na mpango wa kujisaidia kwa kuongozwa, ukisindikizwa kwa mfano na vikao 4 hadi 9 vya dakika 20 katika wiki 16. Mfano huo unafaa mji kama wetu, ambako mshauri ni ghali na mteja anaomba ruhusa kazini. Programu ikiwa peke yake? Jake Linardon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, walichapisha 2022 jaribio la programu iliyojengwa juu ya tiba ya fikra na tabia, na walioipata walipungukiwa na kula kupindukia kuliko waliokuwa wakisubiri zamu. Kwa hiyo si bure. Ila watu wengi huacha programu hizi njiani, na huyu aliacha pia, katika wiki ya sita. Siku kadhaa hakuandika chochote. Nilimtumia ujumbe mmoja: njoo hata bila rekodi. Alikuja. Alikuwa amezama mara mbili mfululizo na hakutaka iandikwe. Kengele ya simu isingemrudisha, angeizima.

Katika kikao hicho aliamua kumwambia mkewe. Mkewe, kumbe, alikuwa akiona makombo kwenye koti na kudhani kuna mwanamke anayempikia. Walilia, wakacheka, wakagombana kidogo kuhusu Fuliza. Tangu hapo akiingia nyumbani ameshakula, husema, na hawekewi sahani ya kuzugia. Nikipima, uamuzi huo una uzito sawa na kila kilichofanywa na simu.

Katikati ya safari aliniuliza kuhusu dawa aliyoisoma mtandaoni. Ni lisdexamfetamine, ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliikubali kwa ugonjwa huu mwaka 2015. Ni kichangamshi, huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, na yeye presha ndiyo iliyomleta. Nilimrudisha kwa daktari wake wazungumze, na daktari hakuona sababu ya kuijaribu.

Kuna watu ambao nisingeanza nao kwa programu yoyote: anayejitapisha, anayetumia insulini, mjamzito, aliyekonda kupita kiasi, au anayesema maisha hayana maana. Hao waende hospitali ya rufaa ya kaunti kwanza, waonwe na daktari wa akili, na simu ingoje.

Desemba alikwenda Kakamega kwa wiki mbili. Tulikubaliana asiandike chochote huko isipokuwa nyota siku atakayohisi mkono hausikii. Alirudi na nyota moja, ya usiku baada ya kikao cha familia kuhusu shamba. Kuku, ugali, chai ya saa tano usiku, vyote alikula na havikupata nyota. Januari, karo zilipobana, nyota zikawa mbili katika wiki moja. Alirudisha mlo wa saa kumi na nusu, ambao alikuwa ameuacha ili abane matumizi, na mwezi uliofuata akawa na moja.

Uzito wake haujabadilika sana. NICE yenyewe inataka mteja aambiwe mapema kwamba tiba hizi hazitegemewi kupunguza kilo, na nilimwambia, ingawa kliniki iliyomleta haikufurahia. Presha imeshuka, na siwezi kusema ni kwa sababu ya ulaji au kwa sababu sasa anameza dawa kila asubuhi pamoja na chakula, jambo ambalo hakuwa akilifanya alipokuwa anafunga.

Sasa ameacha kuandika kila mlo. Amebakiza kengele mbili, ya saa saba na ya saa kumi na nusu. Makubaliano yetu ni kwamba nyota mbili ndani ya wiki moja zinamrudisha kwenye rekodi kwa siku kumi na nne, na zikifika tatu ananipigia. Mkewe anayajua makubaliano hayo, na haruhusiwi kuuliza idadi.